Kutoka Mwanza Hadi Kasensero: Siku Saba za Kurudisha Majibu ya Damu

Siku ya kwanza, Mwanza

Meli ya Bukoba inaondoka usiku, lakini mimi niko bandarini tangu saa kumi na moja jioni kwa sababu ya kisanduku. Ndani yake kuna chanjo ya homa ya ini B, na chanjo hii inaogopa kuganda kuliko inavyoogopa joto. Ikiganda mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwa hiyo vile vipakiti vya barafu huvitoi kwenye friza na kuvitia moja kwa moja. Unaviweka mezani, unasubiri vitoe jasho, unavitikisa mpaka usikie maji yakicheza ndani, ndipo unavipanga. Ndani ya kisanduku joto libaki nyuzi 2 hadi 8. Kazi hii nimeifanya miaka zaidi ya ishirini na bado siwezi kumwachia mtu mwingine.

Kwenye mkoba wa bega nimebeba bahasha. Kila moja ina namba, haina jina. Ni majibu ya watu waliotupa damu zao tukazipima VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Mradi ulikuwa na fungu la kuchukua damu, fungu la kupima na fungu la kuandika. Fungu la kurudi kuwaambia watu lilikuwa dogo, likaisha kabla vijiji havijaisha. Nimechukua likizo, na nesi tuliyefanya naye kazi amekubali kuja nami.

Utafiti nilijifunzia hapa Mwanza. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika jamii 12 za mkoa huu. Sita ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zao, sita zikasubiri zamu. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 kule kulikoboreshwa. Kisha mwaka 1999 watafiti wa Rakai, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, wakatoa matokeo yao. Wao walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa za magonjwa ya zinaa, na kwenye VVU hawakuona tofauti. Nilikuwa kijana, nikadhani lazima mmoja amekosea. Bosi wangu wa wakati huo alinikalisha jioni nzima akinieleza. Rakai janga lilikuwa limekomaa, na dawa zilifika kwa vipindi, kwa mgonjwa na asiye mgonjwa. Mwanza janga lilikuwa bado changa, na mtu alitibiwa siku ile anayokuja na maumivu yake. Tangu jioni ile, nikisoma tarakimu yoyote nauliza kwanza ilikuwa wapi, mwaka gani, na watu gani.

Meli ilipotoka nje ya ghuba, watu wazima waliokuwa kwenye sitaha walinyamaza. MV Bukoba ilizama karibu na hapa Mei 21, 1996. Binamu yangu alikuwemo.

Siku ya pili, Bukoba

Tulisimama Kemondo alfajiri, ndizi zikapakiwa, na jua lilipochomoza tukaona mabati ya Bukoba.

Nilizaliwa mkoa huu. Mwaka 1983 nilikuwa darasa la pili, na huo ndio mwaka wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa, wote wa Kagera. Sisi hatukusikia neno UKIMWI. Tulisikia Juliana. Lilikuwa jina la vitambaa vilivyovuka mpaka kwa magendo baada ya vita vya Kagera, na wafanyabiashara wa vitambaa hivyo ndio walioanza kukonda. Mtu akipungua mwili walinong'ona kwamba Juliana amemshika. Baba yangu mdogo aliuza vitambaa hivyo. Alizikwa kwenye kibanja, kati ya mibuni na migomba, kama desturi yetu ilivyo, na ndani ya miaka michache pembeni yake palikuwa na makaburi manne mapya. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila kibanja kina idadi ile ya makaburi.

Baadaye, chuoni Muhimbili, nilikutana na tarakimu za nyumbani kwetu kwenye karatasi. Japhet Killewo na wenzake walipita Kagera mwaka 1987 wakipima damu. Bukoba mjini, watu wazima karibu 1 kati ya 4 walikuwa na virusi. Ngara na Biharamulo, ndani ya mkoa ule ule, hawakufika hata 1 katika 100. Nilisoma ukurasa ule maktaba nikalia, kwa sababu mtu alikuwa amekuja, amehesabu, na hesabu yake ilikubaliana na makaburi niliyoyajua. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyochagua kazi.

Mchana tulipata sato na ndizi. Nesi alinunua kahawa ya kutafuna. Kisanduku kililala kwenye jokofu la hospitali, nikaamka mara mbili usiku kwenda kusoma kipimajoto.

Siku ya tatu, kijijini

Kijiji sitakitaja.

Bahasha hazifunguliwi hadharani. Tulikaa chumba cha nyuma cha zahanati, mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wengi walikuwa salama kwa vyote vitatu, wakapata sindano ya kwanza ya chanjo wakaenda zao. Watoto wadogo hawapo kwenye orodha yetu. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, na hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wazazi wao ndio waliopitwa.

Saa sita hivi akaingia kaka mkubwa wa nyumba moja ninayoikumbuka vizuri, maana tulipokuja kuchukua damu mama yao alitulisha. Ana VVU, mwenyewe alikwishajua tangu 2009 na anahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, bila kukosa. Bahasha yake ilikuwa na habari mpya: ana homa ya ini B pia. Nikamwomba anioneshe kopo lake la dawa. Ni kile kidonge kimoja cha siku chenye dawa tatu, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Nikamweleza kwamba mbili kati ya hizo tatu zinakibana kirusi cha ini vilevile, na ile yenye nguvu zaidi kwenye ini ni tenofovir. Bila kujua, amekuwa akitibu magonjwa mawili. Vipimo vya ini lake ni vya mtu mzima wa afya. Nilichomsisitizia ni kimoja: asiache dawa, na siku daktari yeyote akitaka kumbadilishia, amwambie kwanza kuhusu ini, kwa sababu tenofovir ikikatwa ghafla kirusi cha ini huweza kuamka kwa hasira. Alicheka kwa furaha. Akasema, "Dada, basi Mungu alinitangulia."

Baada yake akaingia mdogo wake, dereva wa bodaboda, miaka thelathini na kitu, mwenye mke mjamzito. VVU hana. Homa ya ini B anayo, na vimeng'enya vya ini lake viko juu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya APRI, ile inayotumia kimeng'enya kimoja cha ini pamoja na chembe sahani za damu kukadiria makovu bila kuchoma ini sindano. Ilikuwa imevuka 0.5. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2024, huyu anastahili kuanza dawa. Dawa yenyewe ni tenofovir.

Kabati la dawa lilikuwa nyuma ya ukuta niliouegemea. Makopo yamo, lakini ni ya mpango wa VVU na yanahesabiwa kwa namba za wateja wa CTC. Hawezi kupewa. Ilinibidi nimwandikie rufaa ya mjini, na huko nimeshaambiwa atanunua.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Kwa hiyo daktari, ningekuwa na UKIMWI kama kaka, leo ningeondoka na dawa?"

Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na jibu jingine la kweli.

Swali hilo nimekutana nalo kwa sura nyingi miaka hii yote, lakini hakuna aliyewahi kuliweka wazi hivyo. Sababu ninazijua. UKIMWI ulipotuua hadharani, dunia iliona, wagonjwa wenyewe wakapiga kelele, na mwaka 2002 ukaundwa Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Homa ya ini haimo hata kwenye jina. Ini huumia kimya miaka ishirini, thelathini, kisha tumbo linajaa maji na majirani wanasema karogwa. Ripoti ya WHO ya 2024 ilihesabu watu milioni 254 wanaoishi na homa ya ini B, milioni 50 wenye C, na vifo milioni 1.3 kwa mwaka 2022, zaidi ya mara mbili ya vifo vya UKIMWI. Ripoti hiyohiyo ilitaja kwamba tenofovir inaweza kupatikana kwa dola 2.4 kwa mwezi. Huyu kijana hutumia zaidi ya hiyo kwenye petroli ya siku.

Jioni ndugu wale wawili waliamua wenyewe kumwambia mama yao, wakatuomba tuwepo. Nyumba ilinukia moshi na ndizi. Mama alisikiliza akiwa ameshika mikono kifuani. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ni mimi niliyewapa?"

Inawezekana. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 kirusi kinabaki maisha yake yote. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya mara 95 kati ya 100 mwili unakifukuza wenyewe. Ndugu wawili wenye kirusi hicho, mtu huwaza mama kwanza. Lakini nilimuuliza kuhusu utoto wao, akasema walichanjwa chale pamoja kwa wembe mmoja, wao na binamu zao, walipougua degedege. Damu iliyokauka kwenye wembe inaweza kubaki na kirusi hai kwa siku 7 au zaidi. Nikamwambia yote mawili yanawezekana, hakuna kipimo cha kuamua leo, na hakuna mama aliyejua haya wakati ule. Alikubali kupimwa. Hakuwa na kirusi, ila alikuwa na alama ya kuwa alikipata zamani kikaondoka. Kwa hiyo hata hapo jibu halikufunga. Alinishika mkono akasema, "Basi tuseme ni wembe." Nikasema sawa, mama.

Siku ya nne, Bukoba

Mvua tangu usiku. Barabara haipitiki, nimekaa nikiandika barua ya rufaa ya yule kijana vizuri zaidi, na kumpigia kila daktari ninayemfahamu mjini.

Niandike na hili, maana nesi aliniuliza jana kwa nini mtu wa VVU akahamia kwenye ini. Mwaka 1998 nilikuwa maabara ya hospitali moja, mpya kazini. Nilijichoma sindano nikiirudishia kifuniko. Wenzangu wote, na mimi mwenyewe, tuliwaza VVU tu. Nilipimwa VVU siku ile, baada ya miezi mitatu, baada ya sita. Salama, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyekumbuka kwamba uwezekano wa kupata VVU kwa sindano yenye damu ya aliyeambukizwa ni kama 0.3 kwa 100, wa homa ya ini C ni karibu 1.8, na wa B kwa mtu asiyechanjwa ni kati ya 6 na 30. Chanjo ilikuwepo duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulioshika damu kila siku hatukuwa tumechanjwa hata mmoja.

Miezi mitatu baada ya kujichoma, mama yangu aliniambia macho yangu ni ya njano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nililala wiki tano, nikapona, nikawa miongoni mwa wale 95. Mwenzangu wa meza ya pili, aliyejichoma mwaka mmoja kabla yangu na hakuwahi kuona dalili yoyote, hakuwa miongoni mwao. Alifariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka arobaini na moja. Cheti chake cha kazi kilisema mtaalamu wa VVU, kama changu.

Siku ya tano, Mutukula hadi Kalisizo

Kisanduku kimebaki Bukoba. Mpaka nimeuvuka na mkoba mmoja na bahasha moja, ya mama muuza dagaa aliyehamia Uganda kabla majibu hayajatoka. Tulipompigia alisema, "Niko Kasensero, njooni."

Kyotera, kisha Kalisizo, makao ya utafiti wa Rakai ulioanza 1988. Dada mmoja niliyesoma naye anafanya kazi huko, tulikaa uani kwake mpaka usiku tukizungumzia zile jozi 415 za wanandoa. Ni utafiti wa mwaka 2000. Katika kila jozi mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, na ilionekana kwamba kadiri virusi vinavyokuwa vingi kwenye damu ndivyo mwenzi anavyoambukizwa, na kwamba chini ya kopi 1,500 kwa mililita hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kutoka hapo, na kwa jaribio la 2011 lililoonesha kuanza dawa mapema kunapunguza kumwambukiza mwenzi kwa asilimia 96, leo tunamwambia mtu kwa uhakika kwamba virusi visivyoonekana kwenye kipimo haviambukizwi kwa ngono. Yule kaka wa siku ya tatu amezaa watoto wawili wasio na VVU kwa elimu hiyo.

Lakini wale wanandoa wakati wanafuatiliwa hawakuwa na ARV. Hazikuwepo vijijini, zilianza kutolewa bure Uganda na kwetu mwaka 2004. Mjadala wa maadili uliozuka baada ya matokeo yale ulikuwa mkali, na rafiki yangu ana uchungu nao hadi leo, kwa sababu aliishi na wale watu, akawazika baadhi yao. Aliniuliza kama kwenye ini si ndiko tuliko sasa: tunapima, tunaandika, tunaondoka. Nikamsimulia kuhusu kijana wa bodaboda. Tukanyamaza wote wawili.

Siku ya sita, Kasensero

Barabara ya vumbi inashuka mpaka ziwani, karibu na mahali Mto Kagera unapoingia. Mitumbwi, dagaa wameanikwa kwenye nyavu, vibanda vya mbao. Mwaka 1982 wavuvi na wafanyabiashara wa mwalo huu walianza kukonda na kufa, na watu wakauita ugonjwa Silimu. David Serwadda na wenzake walikuja Rakai, wakachukua damu, na mwaka 1985 wakachapisha kwamba ugonjwa huu unahusiana sana na kirusi kile kile cha UKIMWI. Ng'ambo kidogo tu ya maji haya sisi tuliuita Juliana. Kuna pia makaburi ya watu ambao miili yao ililetwa na mto kutoka Rwanda mwaka 1994. Nilisimama hapo kwa dakika chache.

Katika jamii za wavuvi wa eneo hili, watafiti wa Rakai walikuta takriban watu 4 kati ya 10 wana VVU.

Mama muuza dagaa alitupokea kwa soda na viti viwili vya kuazima. Hadithi yake ni hii: miaka mitatu iliyopita kituo kimoja kilimpima kwa kipimo cha haraka, kikamwambia ana homa ya ini C na hakuna dawa. Aliacha kunywa kikombe kimoja na wanawe. Aliachana na mtu aliyetaka kumwoa. Alihama kwa sababu ya maneno ya watu.

Kipimo cha haraka cha C hutafuta kingamwili, na kingamwili inaweza kuwepo kwa mtu ambaye mwili wake ulikwishafukuza kirusi, au kipimo chenyewe kikasoma kisichokuwepo. Lazima kirusi kitafutwe chenyewe kwenye damu. Tulikitafuta kwenye yake. Hakuna. Na hata angekuwa nacho, dawa za vidonge za wiki 12 zinaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

Niliisoma karatasi kwa Kiswahili, nikarudia. Aliitazama muda mrefu ingawa iliandikwa Kiingereza. Akamwita binti yake, akachukua chupa ya soda mkononi mwa mtoto, akanywa fundo moja, akamrudishia. Binti hakuelewa kwa nini mama yake analia na nesi naye analia.

Siku ya saba, kijijini tena

Tulivuka Mutukula asubuhi, tukapitia kwenye jokofu la Bukoba kuchukua chanjo iliyobaki, saa nane mchana tukawa zahanati ile ile.

Mke wa kijana wa bodaboda alikuwa amefika kabla yetu, kavaa kitenge cha kanisani. Nilimpima. Mstari mmoja. Hana kirusi, na chanjo kwa mjamzito haina shida. Nesi alimchoma bega la kushoto na kumwandikia kadi: ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Mumewe alisimama mlangoni akishika kofia ya pikipiki kwa mikono miwili.

Daktari mmoja wa mjini amenijibu usiku wa kuamkia leo. Atamwona Alhamisi, atarudia vipimo, na amepata njia ya dawa za miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo hajui, wala mimi sijui. Nimeandika namba yangu nyuma ya kadi ya mke wake, na nimempa kaka mkubwa kazi ya kumkumbusha kumeza kila saa mbili usiku, saa ile ile anayomeza yeye.

Mama yao ametufungia ndizi mkungu mzima. Meli ni saa tatu, na kisanduku kimebaki na maji tu ya barafu iliyoyeyuka.